Katarina Witt: Malkia wa barafu aliyeandamwa na makachero wa nchi yake

KATIKA historia yote ya Michezo ya Olimpiki, ni wanawake wawili pekee waliowahi kutwaa dhahabu ya kuteleza barafuni kwa mchezaji mmoja mmoja na kisha kuitetea kwa ufanisi. Wa kwanza ni Sonja Henie wa Norway, aliyeshinda mara tatu mfululizo katika miaka ya 1928, 1932 na 1936. Wa pili ni Katarina Witt wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, aliyeshinda mjini Sarajevo mwaka 1984 na mjini Calgary mwaka 1988.

Rekodi hiyo peke yake ingetosha kumtia Witt katika orodha ya magwiji. Hata hivyo, kinachoifanya safari yake istahili kusimuliwa hadi leo si medali tu. Ni swali lililomwandama tangu utotoni hadi alipostaafu: je, ushindi wa mwanamichezo aliyelelewa, kufunzwa na kuchungwa na serikali ni mali ya nani?

Mchezo na hesabu zake

Kwa msomaji ambaye hajautazama mchezo huu kwa karibu, ni vyema kueleza kwanza jinsi mshindi alivyokuwa akipatikana wakati huo. Mchezaji huvaa viatu vyenye bapa jembamba la chuma chini ya nyayo, kisha huteleza juu ya barafu akifuata muziki, huku akiruka, akijizungusha hewani na kuzunguka kama pia. Waamuzi huketi kando ya uwanja na kutoa alama. Enzi za Witt, alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0.

Mashindano yalikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza iliitwa michoro ya lazima. Hapo mchezaji alitakiwa kuchora maumbo ya duara juu ya barafu kwa chuma cha kiatu chake, kisha kuyapitia tena na tena bila kutoka nje ya mstari, nao waamuzi wakikaribia kukagua alama zilizoachwa. Sehemu ya pili ilikuwa onyesho fupi, ambalo lilikuwa na miruko na mizunguko iliyoamriwa mapema. Ya tatu ilikuwa onyesho huru la dakika nne, na ndiyo iliyowavutia mashabiki wengi zaidi.

Nafasi ambayo mchezaji alishika katika kila sehemu ilizidishwa kwa kiwango maalumu: michoro kwa 0.6, onyesho fupi kwa 0.4 na onyesho huru kwa 1.0. Kisha matokeo hayo yalijumlishwa, na mwenye jumla ndogo zaidi ndiye aliyetawazwa mshindi. Hesabu hiyo haina tofauti kubwa na ile ya timu katika mbio za nyika, ambapo wenye alama chache ndio hubeba kombe.

Ikumbukwe basi kwamba mchezaji aliweza kupata dhahabu bila kuongoza katika onyesho huru, na pia aliweza kuwafurahisha mashabiki kuliko wote na bado akaikosa. Mambo hayo yote mawili yalikuja kudhihirika katika maisha ya Witt.

Binti wa Karl-Marx-Stadt

Witt alizaliwa Desemba 3, 1965 huko Staaken, pembezoni mwa Berlin, na akakulia katika mji wa viwanda wa Karl-Marx-Stadt, ambao tangu mwaka 1990 umerejea kwenye jina lake la kale la Chemnitz. Alianza kuteleza akiwa na umri wa miaka mitano. Haikuchukua muda kabla ya kipaji chake kutambuliwa na kuingizwa katika shule maalumu ya michezo, ambako masomo yalipangwa kulingana na ratiba ya mazoezi wala si mazoezi kulingana na masomo.

Aliyemchukua mikononi ni Jutta Müller, kocha aliyeogopwa na kuheshimiwa kwa kiwango sawa. Müller hakuwa mgeni katika kufinyanga mabingwa. Alikuwa amemfunza bintiye mwenyewe, Gabriele Seyfert, hadi akawa bingwa wa dunia mwaka 1969 na 1970. Vilevile, alimfunza Jan Hoffmann, bingwa wa dunia wa wanaume mwaka 1974 na 1980, na Anett Pötzsch, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1980. Pötzsch baadaye aliolewa na kakake Witt.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chini ya Müller, siku ya Witt ilianza alfajiri na kuishia jioni, ikigawanywa kati ya barafu, darasa na ukumbi wa densi. Kocha huyo hakumfunza miruko tu. Alimfunza pia namna ya kuingia uwanjani, kumtazama mwamuzi usoni na kuufanya ukumbi mzima uamini kwamba hakuna mwingine anayestahili kutazamwa.

Mazao ya kazi hiyo hayakuja kwa siku moja. Katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 1979, Witt akiwa na miaka 13, alimaliza katika nafasi ya 14. Mwaka uliofuata alikuwa wa 13. Mwaka 1981 alipanda hadi nafasi ya tano, na mwaka 1982 akapata fedha katika mashindano ya Ulaya na pia yale ya dunia. Mwaka 1983 mjini Dortmund alitwaa taji lake la kwanza la Ulaya, na hakulipoteza tena hadi alipoacha mashindano mwaka 1988. Mataji sita mfululizo ya Ulaya yalimweka sawa na Henie.

Sarajevo: Ushindi mwembamba

Februari 1984, dunia ilikusanyika Sarajevo, katika iliyokuwa Yugoslavia. Mpinzani mkuu wa Witt alikuwa Mmarekani Rosalynn Sumners, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia. Sumners aliongoza katika michoro ya lazima, naye Witt akashika nafasi ya tatu. Katika onyesho fupi mambo yaligeuka: Witt akawa wa kwanza, Sumners wa tano.

Kila kitu kikabaki kuamuliwa na onyesho huru. Witt, aliyekuwa na umri wa miaka 18, aliteleza kwanza na kutoa onyesho lisilo na dosari kubwa. Sumners alianza vyema, lakini kuelekea mwisho alipunguza miruko miwili: ule uliotakiwa kuwa wa mizunguko mitatu akauruka kwa miwili, na mwingine wa miwili akaupunguza hadi mmoja. Waamuzi walimpa Witt nafasi ya kwanza kwa tofauti ndogo mno.

Jumla ya Witt ilikuwa 3.2 na ya Sumners 4.6. Ukitazama tarakimu hizo unaweza kudhani kulikuwa na pengo pana. Lakini laiti waamuzi wangebadilisha nafasi zao mbili katika onyesho huru, Sumners angepata 3.6 na Witt 4.2, nayo dhahabu ingekwenda Marekani. Miruko miwili iliyopunguzwa ndiyo iliyobadilisha maisha ya wanawake wawili.

Kwa Ujerumani Mashariki, taifa la watu wasiozidi milioni 17, ushindi huo ulikuwa zaidi ya michezo. Nchi hiyo iliondoka Sarajevo na dhahabu tisa, nyingi kuliko Muungano wa Sovieti na Marekani. Viongozi wa chama tawala waliwaita wanamichezo wao wanadiplomasia waliovaa nguo za mazoezi, kwani kila wimbo wa taifa ulipopigwa ugenini, serikali iliyojitenga nyuma ya ukuta ilionekana kuwa na heshima duniani. Witt, kwa urembo wake na ucheshi wake mbele ya kamera, alifaa kazi hiyo kuliko yeyote. Vyombo vya habari vya Magharibi vilimpachika jina la uso mrembo kuliko wote wa usoshalisti.

Mwezi mmoja baadaye alitwaa taji la dunia mjini Ottawa, akalitetea mjini Tokyo mwaka 1985. Mwaka 1986 mjini Geneva alipokonywa taji hilo na Mmarekani Debi Thomas, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mchezo huo. Mwaka 1987 Witt alilirejesha mjini Cincinnati, nyumbani kwa mpinzani wake. Uwanja wa pambano la Calgary ukawa umeandaliwa.

Zawadi zenye masharti

Lakini palikuwa na upande wa pili wa maisha hayo. Raia wa kawaida wa Ujerumani Mashariki alisubiri miaka mingi kununua gari, na hakuruhusiwa kwenda Magharibi kutembea. Witt alipewa gari na nyumba, na alizuru miji ambayo majirani zake waliisoma kwenye ramani tu. Kwa wengi waliomtazama, alikuwa mtoto aliyependelewa.

Waliompendelea ndio hao hao waliomtilia shaka. Shirika la ujasusi la nchi hiyo, lililofahamika kama Stasi, lilimfuatilia tangu utotoni. Hofu yao ilikuwa moja: kwamba siku moja bingwa wao angesafiri kwa mashindano na asirudi. Mwanamichezo maarufu kutorokea Magharibi kungekuwa fedheha ambayo hakuna medali ingeweza kuifuta.

Isitoshe, Witt alijua yaliyowapata waliomtangulia. Katika nchi yake mchezaji hakuruhusiwa kulipwa kwa kipaji chake. Seyfert, bintiye Müller, alipotakiwa na kampuni ya maonyesho ya barafuni ya Holiday on Ice baada ya kustaafu, serikali ilikataa katakata. Kwa kawaida, bingwa aliyemaliza muda wake alirudi nyumbani na kusahaulika.

Witt alitaka jambo tofauti. Kwa mujibu wa simulizi zilizotolewa baadaye, yeye na viongozi wa michezo walifikia maelewano: akishinda dhahabu ya pili, angeruhusiwa kuteleza kwa malipo katika nchi za Magharibi. Hivyo basi, alipoingia uwanjani Calgary hakuwa akitafuta medali pekee. Alikuwa akitafuta kibali cha kuendelea na kazi aliyoijua tangu akiwa na miaka mitano.

Calgary: Carmen wawili

Pambano la Calgary lilipata ladha ya pekee kwa sababu Witt na Thomas, kila mmoja bila kumshauri mwenzake, walichagua muziki mmoja kwa onyesho huru: ule wa opera ya Carmen ya Mfaransa Georges Bizet. Carmen wa Witt alikufa mwishoni, akianguka juu ya barafu. Carmen wa Thomas aliishi.

Baada ya michoro na onyesho fupi, Thomas alikuwa mbele kwa jumla ya 2.0 dhidi ya 2.2 za Witt. Jioni ya Februari 27, 1988, Witt aliteleza kabla ya mpinzani wake. Alikuwa makini kupita kiasi, akapunguza mruko mmoja wa mizunguko mitatu hadi miwili, na akategemea zaidi uigizaji wake kuliko nguvu za miguu. Alitoka uwanjani akiwa ameacha mlango wazi.

Aliyeupitia mlango huo kwa kishindo si Thomas bali Elizabeth Manley wa Canada, ambaye wachache walimtarajia. Mbele ya mashabiki wa nyumbani, Manley alitoa onyesho la maisha yake na kuwa wa kwanza katika sehemu hiyo. Thomas aliingia wa mwisho. Alikosea mruko wake mkubwa wa mwanzo, moyo ukamvunjika, na makosa yakafuatana. Alimaliza wa nne katika onyesho huru.

Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: Witt 4.2, Manley 4.6, Thomas 6.0. Witt alikuwa wa tatu katika michoro, wa kwanza katika onyesho fupi na wa pili katika onyesho huru. Angeteremka nafasi moja tu katika sehemu ya mwisho, dhahabu ingekuwa ya Manley. Thomas, aliyeondoka na shaba, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya Majira ya Baridi, na baadaye akawa daktari wa upasuaji.

Wiki chache baadaye mjini Budapest, Witt alitwaa taji lake la nne la dunia na kuaga mashindano. Serikali ilitimiza ahadi. Mwaka huo huo alijiunga na Holiday on Ice, ingawa sehemu kubwa ya malipo yake iliingia katika hazina ya nchi.

Aliacha pia kumbukumbu nyingine isiyo ya kawaida. Vazi alilovaa Calgary katika onyesho fupi, lililopambwa kwa manyoya badala ya sketi, lilizua mjadala mkubwa kiasi kwamba shirikisho la kimataifa liliweka kanuni iliyowataka wanawake wavae sketi inayofunika nyonga. Kanuni hiyo, iliyopewa jina lake na mashabiki, ilidumu hadi mwaka 2004.

Ukuta waanguka, faili zafunguliwa

Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 9, 1989, Witt alikuwa Sevilla, Uhispania, akitengeneza filamu iliyoitwa Carmen on Ice, ambayo ilimpa tuzo ya Emmy mwaka 1990. Nchi aliyoiwakilisha ilitoweka Oktoba 3 mwaka huo, Ujerumani mbili zilipoungana.

Furaha ya wengi ilikuwa na uchungu kwake. Wajerumani waliokuwa wamempigia makofi sasa walimshutumu kuwa kibaraka wa utawala ulioanguka. Kisha sheria ya mwaka 1991 ikawaruhusu raia kusoma faili walizoandikiwa na Stasi. Za Witt zilifikia takriban kurasa 3,000. Humo alikuta safari zake, mazungumzo yake na mambo yake ya faragha yakiwa yameandikwa kwa utaratibu wa karani, na akagundua kwamba baadhi ya waliopeleka habari hizo walikuwa watu wa karibu naye. Aliyasimulia hayo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1994.

Hapo ndipo ilipo taabu ya kumhukumu. Ni kweli kwamba alinufaika na utawala huo, na hajawahi kuukana mchango wake. Amesema wazi kuwa bila shule na kocha aliyolipiwa na serikali, asingekuwa bingwa. Ni kweli pia kwamba serikali hiyo hiyo ilimpokonya faragha yake. Kweli hizo mbili hazifutani. Msomaji anayetaka shujaa asiye na doa au msaliti asiye na utetezi hatampata yeyote kati yao hapa.

Nafasi ya saba

Mapema miaka ya 1990, kanuni zilibadilishwa na wachezaji wa kulipwa wakaruhusiwa kurejea katika Olimpiki. Witt, akiwa na miaka 28, aliamua kushiriki michezo ya Lillehammer ya mwaka 1994. Wengi walimwona kama mtu anayelichezea jina lake.

Walikuwa na sababu. Michoro ya lazima ilikuwa imefutwa baada ya msimu wa 1990, na mchezo sasa ulitawaliwa na wasichana walioruka mizunguko mitatu kwa namna tano au sita tofauti, ilhali Witt alikuwa na miruko michache ya aina hiyo. Katika mashindano ya Ujerumani alishindwa na Tanja Szewczenko, msichana wa miaka 16. Katika yale ya Ulaya alikuwa wa nane. Alijua fika kwamba hangepata medali. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na yeye alikuwa amekubali kabla ya kufunga kamba za viatu.

Kilichompeleka Norway kilikuwa Sarajevo. Mji uliompa dhahabu ya kwanza ulikuwa umezingirwa na majeshi tangu Aprili 1992. Ukumbi wa Zetra, alikotawazwa akiwa na miaka 18, ulikuwa umeharibiwa kwa makombora, na mbao za viti vyake zilitumika kutengenezea majeneza. Kwa onyesho huru, Witt alichagua wimbo wa kupinga vita wa Mmarekani Pete Seeger, unaofahamika sana pia kwa Kijerumani.

Ukumbini Hamar, karibu na Lillehammer, hakuteleza kama mshindani bora. Aliyumba katika baadhi ya miruko, na alama zake zilikuwa za kawaida. Dhahabu ilikwenda kwa Oksana Baiul wa Ukraine, fedha kwa Nancy Kerrigan wa Marekani na shaba kwa Chen Lu wa Uchina. Szewczenko alikuwa wa sita. Witt, bingwa mara mbili, alimaliza wa saba, huku mashabiki wakimshangilia kwa nguvu.

Alipostaafu kabisa kwa ziara ya kuaga mwaka 2008, watu wengi walizikumbuka Sarajevo na Calgary. Baadaye aliongoza kampeni ya Munich ya kuandaa Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2018, iliyoamuliwa mjini Durban, Afrika Kusini, Julai 2011. Pyeongchang ya Korea Kusini ilishinda kwa kura 63 dhidi ya 25. Kocha Müller, aliyekuwa naye hata huko Lillehammer, alifariki Novemba 2023 akiwa na umri wa miaka 94.

Tukirejea basi kwenye swali letu la mwanzo, jibu halipatikani kwa kuhesabu medali. Dhahabu ya mwaka 1984 ilitumiwa na viongozi kuipamba nchi yao. Ile ya mwaka 1988 ilikuwa bei ya kibali cha kufanya kazi. Lakini mwaka 1994 hapakuwa na waziri aliyemsubiri wala kachero aliyemwandika. Alijichagulia muziki, akajichagulia sababu, na akapokea nafasi aliyostahili. Katika vitabu vya rekodi, nafasi hiyo ya saba haina uzito wowote. Katika maisha ya Katarina Witt, ndiyo ya pekee ya Olimpiki ambayo hakuna serikali iliyoweza kuidai.